Pumzi Mbele ya Kioo

Saumu mwanangu,

Majibu yametoka. Kaa kitako kwanza, vua viatu, usisome umesimama mlangoni na mkoba begani kama kawaida yako. Majibu ni mazuri. Nimeyaweka hapa juu kabisa kwa sababu nakujua: ungeruka kurasa zote ukayatafute mwishoni, halafu ujifanye umesoma. Haya, umeshayapata. Baba yako mzima, na kesho ndege inakusubiri wewe. Lakini usiikunje barua. Ndani ya hayo majibu mazuri kuna kijambo kimoja kimebaki, na nitakieleza kwa mpangilio wangu, si kwa mpangilio wako.

Asubuhi hospitali walinipigia nikachukue majibu, wewe na mama yako mkiwa mmeshatoka kwenda kusukwa kwa Mama Furaha. Nikaenda mwenyewe, nikarudi mwenyewe. Sasa ni alasiri, na kwa ninavyomfahamu yule Mkongomani, akianza kusimulia habari za Bukavu mikono inasimama na mdomo ndio unaosuka, basi hamtarudi kabla ya magharibi. Nyumba yote yangu. Sanduku lako liko wazi kitandani, jua limeingia mpaka ndani yake, na mimi nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea ambacho, nakuambia kweli, kinaumiza mgongo. Umekivumiliaje miaka yote hiyo?

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini sisi wawili tukianza habari ya kifua changu, wewe unalia, mimi natania, wewe unakasirika kwa nini natania, na mama yako anatufukuza sebuleni sote. Tangu ile siku uliyosema mezani, "Baba, kama mapafu yako yana shida, mimi siendi. Nafuta kila kitu," humu ndani tumekuwa tukinyatia kama wezi. Na ulisema kwa Kiswahili kilichonyooka, wewe ambaye ukikasirika unakimbilia Kizulu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua hutanii.

Sitakuandikia habari za makoti na soksi za sufu. Mama yako amekujazia kichwa na sanduku, na wale watu wa forodha wakizikuta dagaa, mtajuana wenyewe. Mimi nataka kukuandikia habari ya kioo chako, na yule Mfini wako, mtaalamu wa nyota wa huko unakokwenda kujifunza vioo, na vumbi.

Unajua kwamba Tanga nilikuwa fundi wa terazo, wa kusugua sakafu za watu mpaka zing'ae. Nilipofika Jozi, hapa Johannesburg, nikatafuta sakafu, sikupata. Nikapata makaburi. Siku ya kwanza naingia lile banda la barabara ya Jules, nikakuta mawe meusi yamesimama safu kwa safu, yana majina na picha za watu wanaokutazama, nusura nigeuze nirudi nilikotoka. Kwetu kaburi ni udongo na kijiwe kichwani, basi. Huku watu wanazika, wanakaa, wanachanga, kisha wanaweka jiwe na kulifunika blanketi, na ukoo mzima unakuja kulifunua kwa nyimbo na ng'ombe anachinjwa. Nikasema moyoni, hii ni israfu ya ajabu.

Kisha familia moja ya Soweto ikanialika kwenye kufunua. Blanketi likaondolewa, na mama mmoja mtu mzima akasogea akalipapasa jiwe nililoling'arisha mimi kwa mikono hii. Akajiona uso wake ndani ya jiwe, pale pale kwenye jina la mumewe. Akacheka. Akaniita, akanishika mkono, akaniambia maneno ya Kisotho ambayo mpaka leo siyajui. Tangu siku hiyo nikaipenda kazi yangu, na nikaamini kwamba kitu kikishang'aa kimekamilika. Jiwe likikuonyesha uso wako, fundi amemaliza, mpe chai aende nyumbani.

Imani hiyo ndiyo iliyokuharibia kioo.

Nakumbuka ulivyokileta. Ulikuwa na sare ya shule, umekumbatia kitu kimefungwa kwa taulo, na mimi nikauliza, "Mtu gani anakwenda shule anarudi na kitako cha chupa?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukaeleza kwamba kuna mzee anaitwa Oom Gert, amestaafu, kila Jumamosi anafundisha watu kutengeneza darubini kwa mikono yao, na amekupa vioo viwili vya mviringo, vinene, ukavisage kimoja juu ya kingine na unga mkali na maji, mpaka cha juu kibonyee kama bakuli. "Ukimaliza?" nikauliza. "Ukimaliza unaona pete za Zohali, Baba." Mimi sikujua Zohali ana pete. Nilidhani mmeanza kudanganywa na wazee wa Kizungu.

Tajiri wangu wa kazi akatugawia pipa kuukuu nyuma ya banda. Ukalijaza vifusi lisitikisike, ukaweka kioo juu, ukaanza kulizunguka. Hatua, sukuma, vuta, geuza. Hatua, sukuma, vuta, geuza. Mashaka, rafiki yangu wa Tanga tuliyekuja naye na kukata mawe pamoja, akasema, "Mwanao kapagawa, mtafutie mtu amsomee." Lakini Mashaka huyohuyo ndiye aliyekuwa akikuletea maandazi ukichoka, na ulikuwa ukiyala na mikono yenye unga, na mimi nikigomba.

Mwezi baada ya mwezi. Unga mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, kisha ile lami na unga mwekundu wa kung'arishia. Kioo kikaanza kupata nuru. Ndipo ukaenda kambi ya shule, ukakiacha chini ya taulo, na mimi nikakifunua. Nikaona katikati kinawaka, lakini pembeni kuna ukungu. Ah, nikasema, mtoto amechoka, nimsaidie. Nikachukua ile mashine yangu ya kung'arishia mawe, ile yenye gurudumu la manyoya, nikakipitisha. Eish, mama'ngu, kiling'aa! Kiling'aa kama maji ya kisima. Nikakirudisha chini ya taulo na moyo wangu umejaa, nikisubiri urudi unirukie shingoni.

Jinsi ulivyonijibu unakumbuka, na msamaha niliomba siku ileile, kwa hiyo siuombi tena. Nakuandikia kile ambacho hukukiona kwa upande wangu. Ulikisimamisha kioo mwisho wa ule ujia wetu mwembamba kati ya mawe yaliyosubiri wenyewe, ukaja mwanzo wa ujia na tochi yako yenye tundu dogo na wembe, ukachungulia pembeni mwa wembe ule mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo, ambao ndio unaoonyesha umbo lake. Kisha ukaniita, "Baba, njoo utazame." Nikachungulia. Nikaona kile kioo changu kizuri kimegeuka kuwa mlima na bonde, ukingo wote umeporomoka chini, katikati kimevimba kama kinyago. Nikatoka nikakitazama kwa macho matupu: kinang'aa. Nikarudi kwenye wembe: kimekufa. Sijawahi kuaibishwa na kitu kisicho na mdomo namna ile.

"Kung'aa kilishang'aa zamani, Baba," ukaniambia, taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyoniuma. "Tulikuwa tunatafuta umbo."

Nikataka kununua kioo kingine. Oom Gert akakataa. Alisema kioo bado kipo, kimekosewa sura tu, kirudisheni kwenye unga mkali. Ukarudi kwenye pipa. Na mara hii sikukuacha uzunguke peke yako. Kila nilipofunga kazi nilikuja nikashika upande wangu, wewe ukichoka nazunguka mimi, na ndipo tulipoanza kuzungumza, maana kabla ya hapo, tuambiane ukweli, mimi na wewe tulikuwa tukisalimiana tu. Wewe na Kiingereza chako, mimi na mawe yangu. Kile kioo nilichokiharibu ndicho kilichonipa binti. Sikuwahi kukuambia hivyo, na nimekuambia sasa.

Pale pipani ndipo Mfini alipoingia nyumbani kwetu.

Oom Gert alikuwa akimsimulia kama mtu anayemsimulia mjomba wake, na wewe ukinisimulia mimi, na mimi nikijifanya nawaza mambo yangu. Lakini nilisikia yote. Nilisikia kwamba aliipima ardhi kwa mwanga: anaanza na fimbo moja ya mawe angavu, urefu wa mita moja, anaupitisha mwanga baina ya vioo, anauzidisha ule urefu na kuuzidisha mpaka anafika mbali, ukubwa wa uwanja na zaidi, na kosa lake halifiki unene wa kucha. Nilisikia kwamba alipenda lugha moja ya kutungwa ili watu wote wa dunia wasikilizane, na hapo nikakuambia, "Angekuja hapa mtaani Malvern akatusikiliza sisi, angeiacha." Nilisikia habari ya handaki walilonalo huko kwake, refu, chini ya ardhi, hewa imetulia, la kupimia vioo. Ukatazama ujia wetu wa mawe ya makaburi, ukasema, "Na sisi tuna letu." Nikajisikia mtu mkubwa.

Na nilisikia ile habari ya kamera.

Umenieleza mara nyingi, ngoja nione kama nimeelewa. Watu walikuwa na darubini zinazoona kipande kidogo tu cha mbingu; kingine chote kinatoka kimechafuka. Yeye akafikiria: chukua kioo cha bakuli la kawaida, weka mbele yake kioo kingine chembamba chenye wimbi dogo, na mbingu pana itakaa safi mara moja. Lilikuwa wazo kubwa. Lakini lilibaki na kasoro: picha inajikunja, haikai juu ya kitu bapa. Akaona halijakamilika. Akawafundisha wanafunzi wake, lakini kulitangaza hakulitangaza. Akaliweka, akisubiri linyooke. Miaka ikapita, mtu mwingine katika nchi nyingine akalitengeneza wazo lilelile na mkunjo wake uleule, akalitoa, na dunia ikalipokea kwa jina la huyo mwingine.

Tuligombana siku ile, unakumbuka? Wewe ulisema, "Lakini Baba, hakususa. Aliongeza kilenzi kidogo, picha ikanyooka, akaitengeneza yake, akagundua sayari ndogondogo chungu nzima. Na alipoondoka, kituo chake cha kutazamia nyota kikashikwa na mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake." Hilo la mwanamke ulilisema ukiwa umesimama. Mimi nikasema, "Sawa, lakini angesema mapema." Ukasema, "Ilikuwa haijanyooka." Nikasema, "Angesema hivyohivyo ilivyojikunja!" Nilipandisha sauti mpaka Mashaka akaja kuona kama tunapigana.

Hukujua kwa nini nilikasirika na marehemu wa watu. Ilikuwa habari yangu mwenyewe. Nilipofika Jozi nilimwahidi bibi yako, mama yangu, kwamba nikipata kazi nitampigia. Kazi nikapata ya makaburi, nikaona hii si ya kumwambia, ngoja nipate nyingine. Nikapata chumba, kikavuja, nikasema ngoja nihame. Kila siku nikingoja habari inyooke ndipo niitume. Siku niliyompigia hatimaye, na nyumba nzuri, na mke, na wewe tumboni, nikamwaga habari zangu zote nzuri kwa pumzi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hata ungenipigia ukanikoholea tu, ningelala." Basi. Hakugomba. Alikuwa amekaa muda wote ule akidhani nimekufa.

Kwa hiyo ukifika kule na mambo yakiwa mabaya, wakikucheka, baridi ikikutoa machozi, kioo kikikuvunjikia mkononi, piga simu. Usingoje kunyooka. Nikoholee tu.

Sasa vumbi.

Wewe unadhani nimesahau. Ulikuwa pale pipani, mikono imelowa, na mimi nikatoka kukata, mweupe kuanzia kofia mpaka viatu, hata kope. Ukanitazama. Ukauliza, "Baba, kioo tunakisaga na maji. Kwa nini jiwe mnalikata kavu?" Nikakupa majibu ya watu wazima. Maji yanafanya sakafu iteleze. Maji yanafuta mstari wa penseli. Tajiri hapendi tope. Nimezoea. Ukayasikiliza yote, halafu ukasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja katika maisha yangu: "Ule unga tunaoogopa usiingie kwenye kioo, si ndio huo unaoingia kwako?"

Nikacheka. Nilicheka, Saumu. Ukanikasirikia kwelikweli. Ukaacha kuzunguka pipa, ukasema hutagusa kioo mpaka nikate kwa maji. Nikadhani ni hasira za kitoto zitapita. Hazikupita. Kioo kikakaa chini ya taulo, unga ukakauka, na kila nikirudi nyumbani unanipokea kama mgeni. Mwishowe nikaenda kwa tajiri, mtu mzima na ndevu zangu, nikamwambia, "Binti yangu amegoma." Alicheka kuliko mimi. Lakini akamleta fundi umeme akaweka swichi ya kukata umeme haraka, ili tusikaangwe, na wewe ukaja na lile dumu lako la mafuta ya kula na mpira mwembamba, ukalitundika juu ya msumeno. Tone, tone, tone. Tope likashuka, hewa ikabaki hewa. Siku ile jioni nilipenga kamasi nikashangaa: hazikuwa na rangi ya jiwe.

Mashaka alikataa. Alikutania, "Mtoto katuletea masika." Alisema maji yanamfichia mstari, na ni kweli alikuwa na mkono wa kukata mstari kuliko sisi sote. Akahamishia msumeno wake nje, akaendelea kavu na kitambaa puani. Nilimwambia mara mbili tatu, kisha nikaacha, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na sikutaka kuonekana namfundisha. Unajua kilichofuata. Kile kikohozi. Kupanda ngazi mbili akae. Kurudi Tanga, na ile simu ya mkewe. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikugoma mbele ya Mashaka kama wewe ulivyogoma mbele yangu. Ningekuwa nimemuudhi. Angekuwa hai na ameniudhikia, na ningeshukuru. Ukimpenda mtu kule unakokwenda, muudhi.

Ndiyo maana kikohozi changu cha baridi hii kilikutia wazimu. Na mimi pia, ila mimi nilifanya utani. Nilikuwa nikikohoa chumbani nasikia kitanda chako kinalia upande wa pili wa ukuta. Ulikuwa unalala sikio wazi. Hilo limenitesa kuliko kikohozi chenyewe. Na hapa nikuambie jambo ambalo wazazi hawalisemi: nimefurahi unaondoka. Nitakukumbuka mpaka nitachoka, mama yako ndiyo usiseme, lakini nimefurahi. Utalala. Utalala mahali ambapo husikii kifua cha mtu.

Haya, hospitali. Wiki ile ya vipimo walinipa bomba nilipulize, nesi amesimama kama refa: "Puliza, puliza, puliza, usiache, puliza!" Nikapuliza mpaka nikaona nyota zako zote bila darubini. Wakanipiga eksirei. Leo nimeitwa kwa daktari mwenyewe, binti mdogo tu, anaweza kuwa dada yako. Akaweka picha mbili kwenye kompyuta: ya sasa, na ile ya zamani niliyopigwa kipindi kile kikohozi cha kwanza kilipotutisha. Akatazama moja, akatazama nyingine. Nilikuwa nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili.

Akaniuliza, "Baba, mawe unayakata makavu au kwa maji?"

"Kwa maji."

"Tangu lini?"

"Tangu binti yangu aligoma."

Akageuka kunitazama. Nikamsimulia, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha na Kizulu cha sokoni: pipa, kioo, dumu. Akacheka vizuri. Kisha akanionyesha kwa kalamu.

Sasa ndiyo kile kijambo. Juu ya pafu la kulia kuna vidoa. Vidogo, kama mchanga ulionyunyizwa. Ni vumbi la miaka yangu ya kukata kavu, kabla ya dumu lako, na havitoki. Vitakaa humo mpaka nizikwe, na kijiwe changu kichwani kiwe kidogo tafadhali, mama yako asije akaiga watu wa Soweto. Lakini viko palepale vilipokuwa. Katika picha ya zamani vipo, katika ya sasa vipo, havijasogea, havijakua, havijazaana. Kupuliza kwangu ni kwa mtu mzima wa umri wangu. Kikohozi hiki ni mafua yaliyoshuka kifuani, nimepewa dawa, na leo asubuhi nimekohoa mara chache tu, muulize mama yako. Nisirudi kwenye vumbi kavu hata siku moja, na kila mwaka nikapige picha. Ndiyo yote. Hakuna jingine nililolificha mfukoni.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje, karibu na wauza machungwa, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Mashaka aondoke. Kisha nikaanza hesabu ya hila. Nikimwambia "mzima," anaondoka kwa amani. Nikimwambia "vidoa," anafungua sanduku anatoa nguo. Alisema kama yana shida haendi. Nani atajua? Nikainuka nije nikuambie neno moja tu.

Nilikuwa nimefika kwenye robot ya Jules, zile taa za barabarani, nasubiri zibadilike, nikamkumbuka Mfini. Nilimgombeza mwaka ule kwa kuzuia jambo lake kwa ajili ya mkunjo mdogo, na sasa mimi natoa langu nimeukata mkunjo ili lionekane bapa. Afadhali yeye. Yeye aliwaambia wanafunzi wake. Nikasema hapana, Saumu atapewa majibu yote kama yalivyo, mazuri na vidoa vyake, leo, akiwa bado ndani ya nyumba hii na sanduku liko wazi. Asije akayasikia kwenye simu akiwa kwenye theluji.

Kwa hiyo uamuzi ni wako, na mimi sitasimama mlangoni kukusukuma. Lakini nisikilize mwanangu. Ulitaka ubaki ili uniangalie mapafu. Umeshayaangalia. Uliyaangalia ukiwa na sare ya shule na dumu la mafuta ya kula. Vile vidoa vilisimama siku ileile uliyoacha kulizunguka pipa. Kukaa kwako hapa hakutaniongezea hata tone, kwa sababu maji yako bado yanadondoka. Nimetoka kuyaona sasa hivi, nilipitia karakana kabla ya kuja hapa. Tajiri alinunua mashine ya kisasa yenye bomba lake, dumu likatolewa, lakini vijana wamelitundika tena ukutani na wameandika juu yake kwa chaki jina lako. Wamekosea herufi. Nimeliacha hivyohivyo.

Kuna kitu kimoja tu nataka ukibebe, na hakina uzito. Ile siku kioo kilipokubali. Unakumbuka? Ujia wetu, mawe pande zote, wewe na wembe, kivuli kimetanda juu ya kioo laini, sawasawa, hakuna mlima wala bonde. Ukaniita nichungulie, ukakimbilia kule kwenye kioo, ukagusa katikati kwa kidole gumba, ukatoa. Na nikaona kwenye wembe kilima kidogo kimeota pale kidole kilipokuwa. Joto la kidole chako, ukaniambia. Nikakitazama kikizama polepole mpaka kikaisha. Nikaona haya kwa mashine yangu ya manyoya.

Kisha mimi nikaenda kusimama karibu na kioo, na wewe ukashika zamu ya kuchungulia. Ukapiga kelele, "Baba, usipumue!"

"Kwa nini?"

"Pumzi yako inaonekana! Inapanda mbele ya kioo chote, kama moshi!"

Mimi nilijaribu kuizuia, nikashindwa, nikacheka, na wewe kule ukazidi kupiga kelele kwamba sasa umeona na kicheko.

Huko kwenye handaki lao watakuambia msipumue, na ni sawa, ndiyo kazi. Lakini siku moja utachungulia, na mtu fulani mzembe atakuwa amesimama karibu na kioo, na utaiona pumzi yake ikipanda. Usimkasirikie haraka. Mwache apumue kidogo.

Nasikia geti. Mama yako anacheka, kwa hiyo umependeza. Naiweka barua juu ya sanduku na naenda kujifanya natazama mpira. Ukimaliza kusoma, usinililie sebuleni. Njoo ukae karibu yangu, weka sikio hapa kifuani kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo, usikilize mwenyewe mpaka utosheke. Kisha nenda ukafunge sanduku.

Baba yako